Curt Flood alishindwa kesi. Mbona wachezaji wakapata uhuru?

Mchezaji wa besiboli akisaini mkataba mnono huko Marekani akiwa mchezaji huru, yaani asiyefungwa na klabu yoyote, hakosekani mchambuzi wa kulitaja jina la Curt Flood, mchezaji wa miaka ya 1960: huyu ndiye aliyewafungulia wenzake mlango. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukiimeza ilivyo utababaika siku utakayosoma hukumu yenyewe. Flood alifungua kesi Januari 1970, akashindwa katika mahakama ya kwanza, akashindwa kwenye rufaa, akashindwa tena Mahakama ya Juu. Kanuni aliyoipinga, iliyomfunga mchezaji kwa klabu yake bila kikomo, ilikuja kuvunjwa mwishoni mwa 1975 kwa madai ya watu wengine, kwa hoja tofauti kabisa, na aliyeivunja hakuwa hata jaji. Ama ile sheria iliyomwangusha, ilirekebishwa kipande tu, tena yeye akiwa amekwisha kufa. Kipande kingine kinafanya kazi mpaka leo.

Ni vizuri kuvitenganisha vitu hivi. Vikichanganywa, Flood anageuka shujaa wa hadithi za kuwasomea watoto, na inakuwa shida kuona alifanya nini hasa.

Alizaliwa Houston, Texas, Januari 1938, akakulia Oakland, California. Shule yake ya sekondari, McClymonds, iliwatoa pia Frank Robinson na Vada Pinson, ambao nao walitamba ligi kuu, pamoja na Bill Russell wa mpira wa kikapu. Mwaka 1956 Cincinnati Reds walimsajili kwa dola 4,000, wakampeleka kukomaa kwenye ligi za chini za majimbo ya kusini. Kijana wa Oakland hakuwa amewahi kuishi chini ya sheria za ubaguzi namna ile. Basi likisimama njiani, wenzake wazungu walishuka kula mezani, yeye alipewa chakula mlango wa nyuma.

Alisimulia kisa kimoja cha miaka hiyo. Ilikuwa siku ya mechi mbili mfululizo. Baada ya ile ya kwanza wachezaji walivua jezi zilizolowa jasho wakazirundika sakafuni ili zifuliwe haraka, naye akatupa yake juu ya rundo. Mhudumu wa chumba cha kubadilishia akaichomoa kwa mti mrefu, akiepa kuigusa kwa mkono, akaitenga ipelekwe kwa dobi wa weusi upande wa pili wa mji. Wenzake wakarudi uwanjani na jezi safi. Yeye akabaki amekaa uchi, akisubiri ya kwake irudi.

Desemba 1957, akiwa na miaka 19, Reds walimhamishia St. Louis Cardinals bila kumuuliza. Huko akakaa miaka 12, na huko ndiko alikojenga jina.

Kwa asiyeujua mchezo: mpigaji na rungu lake anasimama kwenye pembe ya uwanja, na uwanja unapanuka kadiri unavyokwenda mbali naye. Karibu wapo walinzi wa ndani, wanaolinda vituo ambavyo wapinzani huvikimbilia. Nyuma yao, kwenye nyasi pana, wanabaki watu watatu tu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Hao ndio walinzi wa nje. Wa kati ana eneo kubwa kuliko wote, na kazi yake inaamuliwa katika sekunde ya kwanza. Mpira ukigongwa, lazima ajue mara hiyo hiyo kama utaanguka mbele yake au utampita kichwani, kisha akimbie kuuelekea mahali utakapotua, mara nyingi akiwa ameupa mgongo.

Kwa kazi hiyo Flood alikuwa na wachache wa kufanana naye. Alitwaa tuzo ya Glavu ya Dhahabu, inayotolewa kwa mlinzi bora wa nafasi yake, miaka saba mfululizo, 1963 hadi 1969. Msimu wa 1966 aliumaliza bila kosa hata moja la ulinzi, na mechi zake bila kosa zikafika 226 kabla ya kukatika. Kwenye kupiga aliacha wastani wa .293 na mapigo 1,861 yaliyomfikisha kituoni. Katika mchezo ambamo anayefaulu mara tatu kati ya kumi anahesabiwa hodari, hizo ni namba za mtu wa kutegemewa. Akiwa naye, Cardinals walichukua ubingwa wa 1964 kwa kuwafunga New York Yankees, na wa 1967 kwa kuwafunga Boston Red Sox. Agosti 1968 jarida la Sports Illustrated lilimweka jaladani likimtaja kuwa mlinzi wa kati bora kuliko wote.

Miezi miwili baadaye ikaja fainali na Detroit Tigers. Mechi ya saba, St. Louis, Oktoba 10, timu zote hazijapata kitu mpaka kipindi cha saba. Wapinzani wawili wamekwisha fika vituoni, wawili wametolewa. Jim Northrup akaupiga mpira juu, ukaja moja kwa moja kwa Flood. Huo ndio mpira mgumu kwa mlinzi wa kati, maana ukija usawa wa macho huoni umbali wake. Akapiga hatua mbele. Alipogundua kwamba unampita, akageuka, mguu ukateleza kwenye nyasi zilizolowa. Tigers wakapata mbili pale pale, wakashinda 4 kwa 1. Sioni haki kumhukumu mtu kwa hatua moja, lakini St. Louis ilikuwa na kumbukumbu, na mwenye klabu, Gussie Busch wa bia ya Budweiser, alikuwa na kumbukumbu zaidi. Machi 1969 Busch aliwakusanya wachezaji akawasomea hotuba ndefu ya kuwakaripia: wamekuwa na tamaa ya pesa, mashabiki wamechoka nao. Flood alikuwa amedai nyongeza kwa msimu huo, akapata dola 90,000.

Oktoba 1969 ofisa wa ngazi ya kati wa klabu alimpigia simu. Amehamishiwa Philadelphia Phillies, yeye na Tim McCarver, Byron Browne na Joe Hoerner, kwa kubadilishana na Dick Allen, Cookie Rojas na Jerry Johnson. Kwa heri, ahsante kwa miaka 12.

Msomaji wa kandanda atauliza: sasa hapo la ajabu ni lipi? Hata kwetu wachezaji wanauzwa kila dirisha la usajili. Lakini klabu mbili za soka zikishakubaliana bei, bado mchezaji lazima akubali kwenda. Akigoma, dili limekufa. Mkataba wake ukiisha anaondoka bure, jambo ambalo Ulaya lilithibitishwa na hukumu ya Jean-Marc Bosman ya Desemba 1995. Mchezaji wa besiboli wa 1969 hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Angeweza kupelekwa popote bila kuulizwa, na mkataba wake haukuisha kamwe.

Uliwezaje kutoisha? Kwenye karatasi ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Ila kifungu cha 10(a) kilisema kwamba mchezaji na klabu wasipoafikiana mpaka tarehe fulani, klabu inaweza kuuhuisha mkataba kwa mwaka mmoja zaidi kwa masharti yale yale. Klabu zikatafsiri kwamba "masharti yale yale" ni pamoja na kifungu chenyewe cha kuhuisha. Mwaka wa nyongeza ukiisha, unahuishwa tena, na tena, mpaka mtu astaafu au klabu imchoke. Juu ya hapo kulikuwa na makubaliano ya klabu zote kutomgusa mchezaji wa mwenzao. Mpango huo, tuuite kanuni ya kuhodhi, ulianza 1879 kwa siri, kila klabu ikiwahodhi wachezaji watano. Baadaye ukawameza wote. Asiyeridhika alikuwa na njia moja: kuacha mchezo.

Wenye klabu walikuwa na utetezi wao, na haukuwa wa kipuuzi. Bila kuhodhi, walisema, matajiri watawanunua nyota wote na ligi itakufa kwa kukosa ushindani. Tatizo ni kwamba kanuni ilipokuwa na nguvu zote, Yankees walitwaa ubingwa wa upande wao wa ligi mara 14 katika miaka 16, kati ya 1949 na 1964. Kama huo ndio ushindani uliokuwa ukilindwa, ulilindwa vibaya.

Flood alikwenda kumwona Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa chuma na ambaye tangu 1966 alikuwa akiongoza chama cha wachezaji. Miller hakumtia moyo hata kidogo. Alimwambia kesi hii karibu haishindiki, itamla miaka yake ya mwisho ya uchezaji, na hatakuja kupewa kazi ya ukocha popote. Flood akauliza kama akishinda itawafaa wachezaji wengine. Miller akajibu ndiyo, wa sasa na wajao. Flood akasema hilo linamtosha.

Desemba hiyo wawakilishi wa wachezaji walikutana San Juan, Puerto Rico, kumhoji kabla ya kuamua kulipia mawakili. Tom Haller, mdakaji wa Dodgers, akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: anafanya hivi kwa sababu ni mweusi? Flood hakulikwepa. Alisema mchezaji mweusi amepitia mambo ambayo mwenzake mzungu hajayapitia, lakini kanuni hii inamfunga kila aliyemo chumbani. Wakapiga kura, wote 25 wakamuunga mkono.

Mkesha wa Krismasi akamwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn: "Baada ya miaka kumi na miwili katika ligi kuu, sijioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yangu." Aliomba klabu nyingine zijulishwe kwamba yuko tayari kusikiliza ofa zao. Kuhn akakataa. Mwezi uliofuata, kwenye televisheni, Howard Cosell alimuuliza vipi mtu wa dola 90,000 kwa mwaka anazungumzia kununuliwa na kuuzwa. Akajibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Wakati huo familia ya kawaida ya Marekani ilikuwa haifikishi dola 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo unaweza kukisia barua alizopokea.

Mawakili wake walikuwa na sababu ya kwenda mahakamani kwa hoja ya ukiritimba. Sheria ya Sherman ya 1890 inakataza wafanyabiashara kupatana wasishindane. Ligi ilikuwa na klabu 24, na zote 24 zilikuwa zimepatana kutoshindania wafanyakazi. Viwanda 24 vya viatu vingefanya vile, wenyewe wangeitwa mahakamani kesho yake. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba sheria hiyo haiigusi besiboli.

Hukumu hiyo ya 1922 ndiyo mzizi wa yote. Klabu ya Baltimore, kutoka ligi shindani iliyokufa, ilikuwa imezishtaki klabu kubwa. Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwa niaba ya mahakama nzima kwamba maonyesho ya besiboli ni shughuli ya ndani ya jimbo. Wachezaji kuvuka mipaka ya majimbo kwa treni ni jambo la pembeni, na kwa kuwa sheria ya taifa inagusa biashara kati ya majimbo peke yake, kesi haina miguu. Kwa mwaka 1922 hoja hiyo ilikuwa na mashiko kidogo. Kufikia 1953 mechi zilikuwa zikiuzwa kwa televisheni nchi nzima, lakini George Toolson, mrushaji wa klabu ya chini ya Yankees aliyekataa kuhamishwa, alipokwenda mahakamani aliambiwa kwamba besiboli imejijenga miaka 30 ikiitegemea hukumu ile. Anayetaka ibadilike aende Bunge.

Hapo pangekuwa na mantiki kama michezo mingine ingetendewa vivyo hivyo. Haikutendewa. Ndondi ziliambiwa mwaka 1955 kwamba sheria inazihusu. Kandanda ya Kimarekani nayo ikaambiwa hivyo mwaka 1957. Ikabaki besiboli peke yake.

Kesi ya Flood ilisikilizwa New York, Mei na Juni 1970, mbele ya Jaji Irving Ben Cooper. Wakili wake mkuu alikuwa Arthur Goldberg, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu yenyewe, na ambaye wakati huo huo alikuwa akigombea ugavana wa New York. Sijawahi kuelewa kwa nini jambo hilo halikuwashtua watu mapema. Mashahidi walikuwa wazito: Jackie Robinson, mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya zama za leo, nywele zimekuwa nyeupe na macho yamefifia kwa kisukari, na Hank Greenberg, nyota Myahudi wa zamani. Lakini hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyekuja kukaa hata kwenye viti vya wasikilizaji. Wale 25 wa San Juan walimchangia kura na mawakili, sura zao hawakuzileta.

Agosti, Jaji Cooper akaamua kwamba mikono yake imefungwa na hukumu za 1922 na 1953. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikasema hayo hayo. Flood, aliyekuwa ameukosa msimu mzima wa 1970, akajaribu kurudi: Washington Senators walimpa dola 110,000 kwa 1971, kwa makubaliano kwamba kucheza hakutaidhuru kesi. Alicheza mechi 13, akapata mapigo 7 katika majaribio 35. Mguu haukukimbia tena kama zamani, na madeni na wadai vilimfuata mpaka hotelini. Kabla Aprili haijaisha alipanda ndege kwenda Ulaya, akamwachia mwenye klabu telegramu kwamba amejaribu, ila mwaka mmoja na nusu nje ya mchezo ni mwingi mno. Akaishia kisiwa cha Mallorca, Hispania, akiendesha baa. Pombe ilimtesa miaka mingi.

Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi Juni 19, 1972: watano dhidi ya watatu. Jaji wa tisa, Lewis Powell, alijitoa kwa sababu alikuwa na hisa za Anheuser-Busch, kampuni iliyomiliki Cardinals. Harry Blackmun, aliyeandika hukumu, alianza kwa kuusifu mchezo na kuorodhesha majina zaidi ya 80 ya magwiji wa kale, jambo lililowakera hata wenzake wa upande wake, maana wawili walikataa kujiunga na sehemu hiyo. Kisha akakiri waziwazi kwamba besiboli ni biashara inayovuka majimbo, kwamba msamaha wake, yaani kutoguswa na sheria ya ukiritimba, ni kioja kisichofanana na kitu kingine katika sheria, na kwamba hata hivyo mahakama haitaugusa. Bunge limekaa nao miaka 50 bila kuufuta. Basi na libaki nao. William Douglas, Thurgood Marshall na William Brennan walipinga.

Kumbuka kitu ambacho mahakama haikusema. Haikusema kwamba kuhodhi ni halali, wala haikukisoma kifungu cha 10(a) kuona kinasema nini. Ilisema tu kwamba sheria ya ukiritimba si mlango wa kuingilia.

Mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa kimyakimya. Mwaka 1970, kesi ikiendelea, Miller alizibana klabu zikakubali kwamba migogoro ya mikataba ipelekwe kwa msuluhishi huru, asiye kamishna anayelipwa nazo. Halafu mawakili wa klabu, wakimjibu Flood mahakamani, walishikilia kwamba kuhodhi ni suala la mwajiri na chama cha wafanyakazi kujadiliana mezani, si la majaji. Hoja hiyo iliwasaidia kushinda. Ila ukishamwambia mwenzako mbele ya Mahakama ya Juu kwamba hili tunalizungumza nyumbani, ni taabu baadaye kukataa kulizungumza. Mwaka 1973 mkataba mpya wa pamoja ukampa mchezaji mwenye miaka 10 ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na klabu moja, haki ya kukataa kuhamishwa. Kwa kanuni hiyo Flood angebaki St. Louis, wala pasingekuwa na kesi.

Andy Messersmith alikuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 1975 aliomba mkataba wenye sharti la kutohamishwa bila ridhaa yake, yaani kile kile alichokitaka Flood. Dodgers wakagoma. Akacheza msimu mzima bila kusaini, klabu ikiwa imeuhuisha mkataba wake wa zamani kwa kutumia 10(a). Msimu ulipokwisha, Miller akapeleka dai kwa msuluhishi: mwaka mmoja wa nyongeza umepita, mtu huyu yuko huru. Ili dai lisife kama Messersmith angenunuliwa kwa pesa akasaini dakika za mwisho, aliongeza jina la Dave McNally wa Montreal, ambaye tayari alikuwa ameacha kucheza na kurudi kwao Montana. Montreal walimfuata na ofa ya kusaini. Alikataa, ingawa hakuwa na mpango wa kurusha tena mpira.

Desemba 23, 1975, msuluhishi Peter Seitz akaamua. Hakugusa utumwa, wala ukiritimba, wala katiba. Alisoma sentensi. Kifungu kinasema mwaka mmoja, basi ni mwaka mmoja. Klabu zikamfukuza kazi siku hiyo hiyo, zikakimbilia mahakamani, na mahakama zikamuunga mkono Seitz: mlikubaliana wenyewe kuwa na msuluhishi, huu ndio uamuzi wake.

Kwa hiyo Flood aliuliza kama kuhodhi ni haki, akajibiwa kwamba swali hilo haliulizwi hapa. Messersmith na McNally waliuliza kifungu kina maana gani, wakajibiwa. Anayesema Flood aliwaletea wachezaji uhuru anakosea kuhusu mlango, si kuhusu msukumo. Kesi yake iliwafundisha wachezaji kukisoma kifungu, ikawafanya waandishi waache kukiona kama sehemu ya maumbile, na ikazilazimisha klabu kutoa ahadi ambazo hazikuwa na nia ya kuzitimiza.

Kilichofuata kinasahaulika. Baada ya Seitz, kisheria kila mchezaji angeweza kuwa huru baada ya mwaka mmoja. Charlie Finley wa Oakland aliwashauri wenzake wenye klabu: waacheni wote huru kila mwaka. Walimwona mwehu. Miller alishtuka kimoyomoyo, kwa sababu alijua Finley ana akili kuliko wote: soko likifurika wachezaji 600 kwa mpigo, bei inaanguka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka uhuru uje kwa matone. Mkataba wa 1976 ukaweka miaka sita ya huduma ligi kuu kabla ya mtu kuwa huru. Wastani wa mshahara, uliokuwa karibu dola 25,000 mwaka Flood alipohamishwa, ulipita 140,000 kufikia 1980.

Miaka hiyo sita ipo mpaka leo, na mfano mzuri ni mlinzi mwingine wa nje. Juan Soto wa Jamhuri ya Dominika aliingia ligi kuu mwaka 2018 na Washington Nationals. Mwaka 2022 alikataa mkataba wa dola milioni 440, klabu ikampeleka San Diego Padres. Desemba 2023 Padres wakampeleka Yankees. Mara zote mbili ridhaa yake haikuhitajika, kama vile ya Flood haikuhitajika. Miaka yake ilipotimia mwishoni mwa 2024, akaenda New York Mets kwa hiari yake, miaka 15 kwa dola milioni 765. Ukiuliza kama mchezaji wa besiboli wa leo anaweza kuhamishwa bila kuulizwa, jibu ni ndiyo. Kilichobadilika ni kwamba kuna siku hali hiyo inakoma.

Flood alifariki Los Angeles Januari 1997 kwa saratani ya koo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton alisaini sheria yenye jina lake. Inasema wachezaji wa ligi kuu wana haki ile ile ya kushtaki kwa ukiritimba waliyo nayo wanamichezo wengine. Inasikika kubwa. Lakini miaka miwili nyuma Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, katika kesi ya kandanda ya Kimarekani, kwamba wachezaji wakishakuwa na chama kinachojadiliana na waajiri, mambo ya mezani hayapelekwi kwenye sheria ya ukiritimba. Wachezaji wa besiboli wana chama chenye nguvu kuliko vyote. Ili waitumie sheria ya Flood wangelazimika kwanza kukivunja.

Tena sheria hiyo iliacha nje, kwa maneno ya wazi, ligi za chini, usajili wa chipukizi na uhamishaji wa klabu kutoka mji hadi mji. Huko, hukumu ya 1922 bado inatawala. Baada ya msimu wa 2020 ligi kuu ilipunguza klabu za chini zilizo chini ya mwavuli wake kutoka 160 hadi 120. Baadhi ya zilizotupwa zikashtaki, zikijua kwamba zitashindwa katika mahakama za chini na kwamba shabaha ni Mahakama ya Juu, ambako majaji kadhaa wa sasa wameshaonyesha kuuchoka msamaha ule. Ombi lilipelekwa mwaka 2023. Novemba ya mwaka huo, kabla majaji hawajaamua kama watalisikiliza, pande mbili zikamalizana nje ya mahakama na ombi likaondolewa.